Anti na Wiki ya Kupiga Kavu

Anti hakuwa shangazi wa mtu yeyote kwenye koti yetu, hizi nyumba za ghorofa zenye ua mmoja na geti moja. Sijui nani alianza kumwita hivyo. Mama anasema jina hilo lilikuwepo kabla hatujahamia mtaa wa Umoja, Nairobi, kama lile shimo la mbele ya geti. Aliishi ghorofa ya kwanza, sisi ya pili, kwa hivyo sakafu niliyojifunzia kutembea ilikuwa dari ya mwimbaji wa roki.

Nikisema hivyo bwenini, wenzangu hunitazama kama nimewauzia sabuni ndani ya boksi la simu. Roki, Umoja? Tena mwanamke? Tena yuko kwaya? Ndiyo, ndiyo, na ndiyo.

Jumatatu hadi Ijumaa Anti alikuwa karani kwenye ofisi ya vipuri vya magari, Industrial Area. Sketi chini ya magoti, viatu bapa, na mkebe wa plastiki wa githeri, mahindi na maharagwe, kwenye mkoba. Jumamosi alishuka ngazi na buti nyeusi zenye vifungo vya chuma, na vile vifungo vililia hivi kwamba mbwa wa jirani alidhani amefunguliwa.

Sauti yake ndiyo ilikuwa kichekesho chenyewe. Nyumbani aliongea chini sana. Mama mboga alilazimika kuinama juu ya sukuma wiki zake ili asikie kama Anti anataka za kukata au za kubeba hivyo hivyo. Kanisani, kiongozi wa kwaya alimwomba mara nyingi aongeze sauti, na Anti akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunong'ona. Sasa mchukue mtu huyo huyo, mpe maikrofoni. Nilimsikia kwenye ukumbi wa jamii nikiwa darasa la saba. Alitoa ukelele mmoja, na mtoto aliyekuwa akilia nyuma ya ukumbi akanyamaza, nadhani kwa heshima.

Albamu mbili za kwanza za bendi yake zilikuwa za Kiingereza, na kwa sababu ambayo sikuwahi kuelewa zilijaa theluji. Theluji milimani, theluji moyoni, mtu anatembea peke yake kwenye theluji. Siku moja nilimsubiri kwenye ngazi.

"Anti, hiyo theluji umewahi kuiona?"

"Nina friji ya zamani," akasema. "Naikwangua kila mwezi."

Alikuwa hivyo. Ulikwenda kumtania, ukarudi ukiwa umetaniwa wewe, na yeye hata hajacheka.

Nyuzi za gitaa lake alizirekebisha kwa kusikiliza mashine ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Alisema mashine hiyo inavuma noti moja tu, na kwamba anaiamini kuliko simu. Shida ni kwamba kinyozi ni Msabato, na mazoezi ya bendi yalikuwa Jumamosi. Basi Anti alirekebisha gitaa Ijumaa jioni, akalilaza kitandani kama mgonjwa, na ole wako ulishike kabla ya kesho yake. Yeye alilala kwenye kochi.

Neno lake kubwa lilikuwa "Sikia kwanza." Umeme umepotea, mama anaruka juu kwa sababu friji ina nyama: sikia kwanza. Wazee wa koti wamekuja kulalamika kwamba mazoezi yanatingisha vikombe: sikia kwanza. Na cha ajabu, watu walinyamaza wakasikia, hata kama hakukuwa na kitu cha kusikia.

Mashabiki wao walitoka mitaa mingine, Kayole, hata Lucky Summer, vijana wa fulana nyeusi na minyororo. Mama aliwahesabu wote kuwa watu wa shetani. Kisha siku moja mmoja wao alimkuta chini ya ngazi na mtungi wa gesi uliojaa, akaubeba hadi mlangoni kwetu, akakataa chai, akasema, "Barikiwa, mathe." Tangu hapo mama huwaita "wale vijana wa Anti", na hutaka kujua kama wamekula.

Mtu mwingine unayepaswa kumjua ni mpiga ngoma. Huyu alikuwa fundi wa kuchomelea madirisha na mageti, mabega kama mlango wa lori. Yeye na Anti walisoma pamoja shule ya msingi, wakaanzisha bendi pamoja, na ni yeye aliyechora jina la bendi ukutani kwenye chumba cha mazoezi. Chumba kilikuwa cha chini kabisa, chini ya Anti, saluni ya zamani. Vioo vya wateja bado vilikuwa ukutani, kwa hivyo bendi nzima ilifanya mazoezi ikijitazama kama inasubiri kusukwa.

Anti alikuwa na lalamiko moja juu yake. "Huyu hukimbia," alisema. Na ni kweli. Jamaa alifika kwenye mpigo kabla ya wimbo wenyewe, na wengine wakamfuata mbio kama watu wanaofukuza kofia iliyopeperushwa. Walitukanana kwa hilo kila Jumamosi. Lakini Anti hakutumia sukari hata kidogo, na chupa yake ya chai ya Jumamosi ilikuwa tamu ya kuuma meno, kwa sababu mpiga ngoma aliipenda hivyo. Hiyo chai ndiyo iliyonionyesha walivyopendana hao wawili. Hawakuwa wachumba, kabla hujaanza. Mpiga ngoma ana mke, na mke huyo ndiye aliyeshona mapazia ya Anti.

Sasa nieleze sheria za koti yetu, maana bila hizo hutaelewa kilichotokea.

Nyumba ikipatwa na msiba, hema na viti vya plastiki huwekwa pale magari yanapoegeshwa, na jioni watu hukutana kuomba na kupanga mazishi. Mpaka marehemu azikwe, hakuna kelele. Baa ya kona hupunguza muziki. Bendi nayo ilipiga kavu: hakuna waya ukutani, hakuna spika, hakuna ngoma za kugongwa kwa vijiti. Hiyo ni sheria ya kwanza. Ya pili ni kwamba huulizi nani amekufa. Unauliza, "Wanakutana saa ngapi?" Anayeuliza "Ni nani?" ameonyesha kwamba hasalimii majirani. Unganisha sheria hizo mbili, utaona zilikotupeleka.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Jumatatu tukaamka, viti vimepangwa nje ya nyumba ya mzee wa ploti, na hema limeanza kusimikwa. Mzee wa ploti ndiye msimamizi wetu, mtu wa Kitui, na funguo zake za kiunoni huwasili kabla yake. Siku hiyo hatukuzisikia. Kesho yake pia hatukuzisikia. Wiki iliyotangulia alikuwa na kikohozi. Mke wake alionekana mara moja mlangoni, kitambaa kichwani, macho mekundu, akafunga tena.

Mama alipunguza redio. "Maskini, Mzee," akasema. "Na juzi tu amenigombeza kwa sababu ya maji."

Bendi ilikuwa ikikutana kila jioni kutayarisha albamu ya tatu, na albamu hiyo ilikuwa ya kelele kuliko zote. Anti akaamua: wiki hii tunapiga kavu. Mpiga ngoma akaleta godoro la mtoto wake, akalikunja, akaligonga kwa viganja. Wa besi, yule mpiga gitaa zito wa bendi, akapiga gitaa lisilosikika hata na yeye mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye ngazi, mlango ukiwa wazi, kwa sababu likizoni sina kazi na sijawahi kukataa burudani ya bure.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Anti hakuweza kupiga ukelele, na zile nyimbo za theluji, ukizinong'ona, zinakuwa kama mtu anayesoma lebo ya barafu ya maziwa. Wa besi akashikwa na kicheko. Anti akajaribu tena, wa besi akalazimika kutoka nje. Basi Anti akayaacha maneno yale, akaanza kuweka mengine, ya Kiswahili, yaliyokuwa karibu: funguo zinazopita asubuhi, mtu anayefagia mbele ya milango ya watu wasiomshukuru, geti linalolia mara mbili. Alikuwa anamwimbia Mzee. Aliimba kwa ile sauti ya kumwambia mama mboga akate sukuma. Kufikia Alhamisi nilikuwa nimeacha kutafuta mzaha, jambo ambalo hunipata nadra.

Jumamosi, Anti akavaa gauni jeusi, akachukua mkate na pakiti za sukari kama inavyotakiwa, akaenda kutoa pole. Bendi ikamfuata. Mimi nikaifuata bendi. Kabla hajabisha, pikapu ikaingia getini. Nyuma ilikuwa na mbuzi wawili. Mbele alikuwa Mzee, na kofia mpya.

"Mbona mmevaa nyeusi hivi?" akauliza. "Nani amekufa?"

Wa besi, ambaye mdomo wake hauna kitasa, akasema, "Ni wewe, Mzee."

Mzee akashuka taratibu. Akajigusa kifuani, mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto. "Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na hakuna hata mmoja aliyenipigia."

Kumbe binti yake alikuwa anachumbiwa, na wakwe walikuwa wanakuja siku hiyo kuzungumza mahari. Mwenye hema alikuwa na kazi kwingine katikati ya wiki, ndiyo maana aliliwahisha. Mzee alikuwa ameenda Kitui kuchukua mbuzi. Mke wake alikuwa akipaka rangi sebuleni kwa siku zote hizo, na ile rangi ndiyo iliyomwasha macho. Aliposikia habari alicheka hadi akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema hata kama ni msiba angetaka kiti kiwe hicho hicho, kimekaa vizuri.

Tangu siku hiyo koti nzima humwita Mzee kwa jina la Marehemu. Huitika.

"Sukari ni yangu," Marehemu akamwambia Anti, akaipokea. "Na nasikia kuna wimbo. Mniimbie sasa. Wengi huwa hawaupati wakiwa bado na masikio."

Wakaimba baada ya chakula, chini ya hema, mbele ya wakwe, kavu vile vile. Nilidhani ingekuwa kichekesho cha mwaka, na nilikuwa nimejitayarisha. Lakini shangazi mmoja wa upande wa wakwe, aliyekuwa na mfupa mkononi, aliacha kutafuna. Marehemu alikuwa ameshika funguo zake zisilie. Wimbo ulipoisha hakuna aliyepiga makofi mara moja. Mbuzi mmoja akalia, ndipo watu wakakumbuka mikono yao. Anti alisimama akiangalia vidole vyake kama mtu aliyetoa kitu mfukoni na hakumbuki kukiweka.

Ugomvi ulikuja Januari, siku chache kabla sijarudi shule. Nilikuwa nikipanda na mtungi wa maji, nikaupumzisha karibu na dirisha la saluni. Mtungi mzito huhitaji kupumzishwa sana.

"Albamu yote?" mpiga ngoma alikuwa anauliza. "Yote iwe hivyo?"

"Sikia kwanza."

"Nimesikia. Hiyo ndiyo shida, nimesikia." Akavitupa vijiti sakafuni. "Nilikuja kupiga ngoma, manze. Sikuja kupapasa godoro. Hao vijana wanatoka Kayole waje waruke. Sasa tuwaambie waketi kama wako misa?"

"Wanaweza kuketi," Anti akasema. "Wana makalio."

"Usinichekeshe, nimekasirika."

"Najua. Kunywa chai."

"Sitaki chai."

Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya. Kisha Anti akaongea chini sana, nikalazimika kuinama kama mama mboga. Alimwambia amepiga kelele miaka yote hiyo akidhani anasema kitu, na kwamba wiki ile ya godoro ndiyo mara ya kwanza alijisikia mwenyewe. Hawezi kurudi nyuma. Lakini bila yeye, akasema, hajui kama anaweza kwenda mbele.

"Basi chagua," mpiga ngoma akasema.

Sikusikia jibu, kwa sababu hakulisema. Niliporudi likizo ya Aprili, jibu lilikuwepo. Mpiga ngoma alikuwa amebaki na chumba, spika na jina la bendi. Anti alimwachia jina kwa kuwa ni yeye aliyelichora. Mpiga ngoma alikuwa amepata vijana wawili wa kupiga naye, na vikombe vya koti vilitingika kama zamani. Anti na wa besi walihamia sebuleni kwa Anti, juu yao kidogo tu. Siku ambazo chini kulikuwa kimya walirekodi albamu hapo hapo, mablanketi madirishani. Wakikutana kwenye ngazi, Anti na mpiga ngoma walisalimiana kwa adabu sana. Habari ya kazi. Nzuri, na ya kwako. Hiyo adabu ndiyo iliyoniogopesha. Hao walikuwa watu wa kutukanana.

Albamu ikatoka. Mitandaoni mashabiki wakaandika kwamba Anti amezeeka. Mmoja akaandika kwamba ameokoka, na akaomba arudishiwe nauli yake ya tamasha la zamani. Wengine wachache waliandika ujumbe mrefu, wa kimya kimya, kama watu wanaoongea na mgonjwa. Mimi niliisikiliza kwa sikio moja chini ya blanketi bwenini, na likizo ya Agosti nikaenda kwake kutoa hukumu.

"Anti, hiyo albamu ni kali. Nililala wimbo wa pili."

"Ulilala vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi."

Nikamwambia pia, kwa sababu lilikuwa limenisumbua, kwamba kwenye ule wimbo wa funguo kuna mahali muziki unasimama. Kila baada ya mistari kadhaa, kimya, kama simu iliyokatika. Rafiki yangu mmoja bwenini alidhani faili limeharibika. Kwa nini hakupajaza kitu?

Anti alikuwa akimenya kitunguu. "Hapo ni pake," akasema.

"Pa nani?"

Akanitazama hadi nikaona aibu kuuliza. Mezani palikuwa na chupa ya chai. Nilijimiminia bila ruhusa, kama kawaida yangu. Ilikuwa tamu ya kuuma meno.

Wiki ya mwisho ya likizo hiyo nilitoka kwenda dukani nikakuta viti vya plastiki, hema, na kanga kichwani mwa mke wa Marehemu. Sheria ya pili ya koti nikaitupa pale pale. Nilikwenda moja kwa moja kwake, alikuwa ameketi chini ya hema na funguo mapajani.

"Mzee, ni nani?"

"Mama yangu," akasema. "Huko nyumbani. Alikula chumvi nyingi." Akanyoosha funguo moja moja. "Safari hii si mimi."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Badala yake nikaketi naye kidogo.

Jioni, kabla watu hawajakusanyika, nilimkuta Anti kwenye ngazi mbele ya mlango wake, gitaa mapajani. Marehemu alikuwa amemwomba aupige ule wimbo, polepole, mama yake angeupenda. Chini, mlango wa saluni ulikuwa wazi. Mpiga ngoma alikuwa ndani na vijana wake, na kwa sababu ya msiba spika zilikuwa zimezimwa. Tulisikia mtu akilalamika, "Sasa tutapigaje?" Kisha sauti ya mpiga ngoma: "Leteni hilo godoro."

Anti akaanza. Nilikaa ngazi ya chini yake na kufunga mdomo. Akaimba funguo, akaimba ufagio, akafika pale mahali pa kimya. Akainua mkono kutoka kwenye nyuzi, akasubiri, kama alivyosubiri kwenye albamu.

Kutoka chini, viganja viwili vikajaza pale. Taratibu. Vikaacha mahali hasa palipotakiwa, na Anti akaingia tena na mstari uliofuata bila kutingisha hata bega. Wakafika pengo la pili, ikawa hivyo tena. Na la tatu. Kule kwenye hema Marehemu alikuwa ameinamisha kichwa, funguo amezikumbatia kwa mikono yote miwili.

Wimbo ukaisha. Anti aliegemeza gitaa ukutani, akaingia ndani, akatoka na chupa ya chai na vikombe viwili. Aliponipita aliinama, nikadhani ananigombeza kwa kukaa njiani.

"Umesikia?" akanong'ona. "Leo hakukimbia."

Akashuka.